Daftari, Ardhi na Siha ya Mwanafunzi wa Nairobi

Barabara ya Gitanga, itokayo Valley Arcade ikaikata Lavington hadi kuangukia Kawangware, si ndefu. Mtoto mwenye miguu mizima huimaliza kwa muda usiotimia saa moja, na katika mwendo huo hupita kwanza kando ya kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu yake, kisha kando ya shule zenye mabwawa ya kuogelea na viwanja vya nyasi iliyokatwa, kisha akajikuta katikati ya mikokoteni ya maji, vibanda vya mabati, na shule ambazo lango lake ni mlango tu miongoni mwa milango ya nyumba za kupanga. Watoto wa ncha hizi mbili wako chini ya wizara moja na katiba moja, ile ya mwaka 2010, ambayo ibara yake ya 53 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima, haki ya lishe, ya makazi na ya matibabu; walakini ukiwapima kimo na uzito, ukiwauliza wameugua nini mwaka huu na wamekosa shule siku ngapi, utadhani umetembelea nchi mbili.

Kwamba ufukara hudhoofisha mwili ni jambo lisilohitaji mwandishi wa kulieleza. Lililo na haja ya kuchambuliwa ni njia unayopita hadi kuingia darasani, na sababu ya dawa nyingi zilizotolewa kwa nia njema kumpita kando yule aliyekusudiwa. Rai yangu, nitakayoijaribu kwa mifano ya kati ya jiji na mitaa yake ya magharibi, ni kwamba msaada wa siha uliofungamanishwa na daftari la shule humkosa mtoto aliye na haja nao zaidi, kwa kuwa kuandikwa katika daftari hilo kunategemea ardhi, na ardhi ya Nairobi iligawanywa kwa dhulma tangu siku zake za kwanza. Ilhali hatua zilizoelekezwa kwenye mazingira yenyewe, yaani hewa na maji na uwanja, humfikia kila mtoto bila ya kumwuliza anasoma wapi.

Tuanze na ardhi. Nairobi ilizaliwa mwaka 1899 kama kituo cha reli, mahali pa kuweka vyuma na karakana kabla ya kulikabili Bonde la Ufa, na haikupata kukua ila tauni ikazuka katika soko la Wahindi, na wakuu wa mji wasijue dawa isipokuwa moto, wakaliteketeza soko zima mwaka 1902. Tangu hapo afya ikawa hoja ya kuwatenga watu. Mwaka 1913 akatumwa Profesa William Simpson, bingwa wa Kiingereza wa usafi wa miji ya nchi za joto, azikague Kenya, Uganda na Unguja, na shauri alilolitoa likawa kwamba kila jinsi ya watu ikae mtaa wake, Wazungu kwao, Wahindi kwao na Waafrika kwao, na katikati yao iachwe nafasi ya kuwatenganisha. Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 uliikataa kanuni ya kutenga makazi katika miji, lakini kukataa kwa karatasi hakukubadili hati za viwanja wala bei zake. Nyanda za magharibi zilizoinuka, zenye upepo mwanana na udongo mwekundu unaonyonya mvua, zikabaki za Wazungu; mabonde ya mashariki, yenye udongo mweusi unaotuamisha maji na mbu, wakapewa Waafrika.

Juu ya ardhi hiyo ndipo shule zilipojengwa. Prince of Wales ilifunguliwa mwaka 1931 kwa wavulana wa Kizungu, ikichorwa na msanifu Herbert Baker, yule yule aliyeyachora majengo ya serikali ya Pretoria. Leo inaitwa Nairobi School, nayo iko kando ya Waiyaki Way. Duke of York ya mwaka 1949 ndiyo Lenana ya leo. Wasichana walikuwa na Kenya High huko Kileleshwa. Aliyezipanga shule hizi, hata kama hakuwa na mapenzi na mtoto wa Kiafrika, alijua barabara nini humjenga mwanafunzi: madirisha mapana, bweni lenye nafasi kati ya kitanda na kitanda, chumba cha wagonjwa, na viwanja vya michezo vya kutosha hata vijana wote wa shule wacheze alasiri moja. Elimu ya siha ya shule ilikuwa inajulikana Nairobi mapema mno. Kilichokosekana ni kukubali kwamba inawahusu watoto wote.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, rangi ikaondolewa mlangoni na karo ikakaa mahali pake. Lakini hapa pana jambo ambalo msomaji asiyeishi jijini huenda asilijue, nalo ni la kupendeza kidogo. Shule za msingi za umma zilizoko Lavington, Kileleshwa, Kilimani na Westlands zimeachwa na wenye mitaa yao, ambao huwapeleka wana wao katika shule za binafsi. Na waliozirithi ni watoto wa yaya, wa mabawabu, wa watunza bustani na wa wachuuzi, wanaotembea kutoka Kawangware, Kangemi na kwingineko asubuhi mapema. Hivyo mtoto wa chumba kimoja cha mabati hupata, kwa muda wa saa nane za mchana, kivuli cha miti na uwanja uliotengwa kwa ajili ya mwana wa mwingine. Siwezi kukadiria kwa hesabu faida aipatayo mwilini mwake, ila sina shaka kwamba ipo, na kwamba hakuna waziri hata mmoja aliyeipanga.

Bahati hiyo ni ya wachache. Wengi husomea pale pale wanapolala, na mahali hapo pana historia yake ya vifo. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mtoto wa mjini ana siha kumshinda wa shamba, maadamu hospitali ziko karibu naye. Mwaka 2000 kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya kijulikanacho kwa herufi APHRC, chenye makao yake hapo hapo Nairobi, kiliipima mitaa ya mabanda ya jiji, kikakuta kwamba katika kila watoto 1000 waliozaliwa humo, 151 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Vijijini mwa Kenya hesabu ilikuwa 113, na Nairobi kwa ujumla wake 62. Yaani wastani wa jiji uliokuwa ukisomwa kwa fahari katika ripoti ulikuwa umechanganya mtoto wa Muthaiga na mtoto wa Kibera, ukatoa mtoto wa tatu asiyekuwako popote. Vifo hivyo vimepungua sana tangu wakati huo, lakini sababu zilizotajwa, ambazo ni maji machafu, msongamano, kuhara na kichomi, hazikuondoka; zimehama tu kutoka kaburini hadi darasani, ambako huonekana kwa sura ya mtoto anayesinzia, anayekohoa muhula mzima, au asiyekua kwa kimo kama wenzake.

Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki iliifuta karo ya shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja wakafurika katika madarasa yasiyoongezwa. Ingelitarajiwa kwamba baada ya hapo shule za kulipia mitaani zitakufa. Hazikufa, ziliongezeka. Watafiti wakastaajabu kuona fukara akilipia kile ambacho tajiri wa kadiri anakipata bure, na wengine wakalifanya jambo hilo kuwa ushahidi wa ubora wa biashara ya elimu. Mimi naliona ni la ardhi zaidi kuliko la biashara. Shule za umma hujengwa juu ya viwanja vilivyopimwa, na mitaa isiyopimwa haina viwanja. Basi Kawangware yote, pamoja na wingi wa watu wake, hutegemea shule chache za umma kama vile Kawangware na Gatina, na mzazi ambaye mwanawe angeketi katika darasa la watoto themanini, au angelazimika kuvuka barabara kuu kila asubuhi, huona bora amlipie mwalimu wa chumba cha jirani. Serikali imezipa shule hizi jina, elimu mbadala, ikazitungia sera mwaka 2009 na baadaye mwongozo wa usajili uliolegeza masharti ya ukubwa wa kiwanja. Hata hivyo shule ikitaka kusajiliwa haina budi kuonyesha haki yake ya kukaa ilipo na cheti cha maafisa wa afya ya umma, na mwenye kibanda katika ardhi yenye mgogoro hana la kuonyesha.

Matokeo yake yalibainika kwa namna ya kuhuzunisha mno asubuhi ya tarehe 23 Septemba 2019 huko Ng'ando, upande wa Dagoretti, madarasa ya Precious Talent Academy yalipoporomoka wanafunzi wakiwa ndani. Sakafu ya juu ilikuwa ya zege, na kuta zilizoizunguka za mbao na mabati. Watoto wanane wakafariki, na makumi wakapelekwa hospitali. Katika siku zilizofuata palisemwa mengi juu ya mwenye shule, na kwa haki. Machache yalisemwa juu ya sababu ya watu wa mtaa huo kutokuwa na shule ya umma ya karibu itakayowatosha watoto wao, na machache zaidi juu ya hali ya mwenye shule yeyote katika mitaa ya namna hiyo, ambaye hapati mkopo wa benki kwa kukosa hati, hathubutu kujenga kwa mawe jengo litakalobomolewa kesho, na hivyo hujenga kwa haraka na kwenda juu badala ya kupanuka. Hofu ya kubomolewa si dhana tupu. Julai 2018, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya msiba wa Ng'ando, matingatinga yalipita Kibera kutengeneza njia ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na miongoni mwa yaliyosawazishwa na ardhi, pamoja na nyumba za maelfu ya watu, zilikuwamo shule. Dawa ya serikali baada ya Ng'ando ilikuwa kukagua na kufunga shule zisizofaa, jambo lisiloepukika. Ila mtoto wa shule iliyofungwa hakai hewani, huenda kwenye shule nyingine ya namna ile ile ambayo mkaguzi hajaifikia.

Baada ya jengo huja maji na choo. Wizara ina kipimo chake: choo kimoja kwa kila wasichana 25, na kimoja kwa kila wavulana 30. Katika shule kubwa za karo ya juu kipimo hiki huzidishwa kwa mbali. Katika shule nyingi za umma za jiji, tangu wanafunzi walipofurika mwaka 2003, hakifikiwi. Na katika shule za mabanda mara nyingi choo si cha shule, ni cha ploti, ambacho watoto hukitumia pamoja na wapangaji, na pengine kwa malipo. Mtoto huyo hujifunza kujizuia. Hanywi maji asubuhi asije akahitaji kutoka, na kwa hivyo huketi na kiu saa zote za joto chini ya mabati, kichwa kikimwuma, na mwalimu akidhani ni uvivu. Maji yenyewe hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na bei yake kwa kila lita hupita kwa mbali ile anayotozwa mwenye mfereji nyumbani kwake, kiasi kwamba mwalimu mkuu mwenye akiba ya mitungi miwili huamua kila siku baina ya uji na kunawa mikono. Walimu wengi wamefunga langoni kibuyu chirizi, chombo kitumiacho maji kwa uchache, na ni werevu wa kusifiwa. Lakini werevu huo hauna budi kupewa maji ya kuchirizisha. Papa Francis alipokwenda Kangemi tarehe 27 Novemba 2015, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, aliutaja ukosefu wa maji ya kunywa kuwa ni dhulma, na aliyasema hayo mbele ya watu wanaoziona kwa macho yao, ng'ambo ya Waiyaki Way, nyumba za Loresho zenye matangi juu ya paa.

Kwa wasichana waliobaleghe dhiki ni maradufu. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kuifuta kodi ya ongezeko la thamani juu ya sodo, mwaka 2004, na mwezi Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi sheria inayoiamuru serikali imgawie sodo bure kila msichana aliyebaleghe. Naomba msomaji ayatazame vyema masharti yake, kwani ndani yake imo hoja yote ya makala haya: sheria inamtaja msichana aliyeandikishwa katika shule ya umma. Yule wa mtaa wa Gatina, Kawangware, anayesomea chumba cha kukodi, ambaye baba yake hana kazi ya mwezi na choo chake hakina mlango wa kufungika, ametolewa na neno moja, ilhali msichana wa shule ya taifa, ambaye pengine wazazi wake wana uwezo, yumo. Sidhani kwamba wabunge walikusudia hivyo. Waliandika kama serikali iandikavyo siku zote, kwa kufuata pale ambapo ina daftari.

Na chakula nacho kimefuata njia hiyo. Wazee wa leo wanayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa katika shule za msingi mwaka 1979, Rais Moi akiwa katika mwanzo wa utawala wake. Pakiti ile ya pembe tatu iliwafanya watoto wengine wahudhurie shule ambao pengine wasingelikuja. Mpango ukafifia pamoja na hazina. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi chini ya Gavana Johnson Sakaja ikaanzisha Dishi na County kwa kushirikiana na Food4Education, shirika lililoanzishwa na Wawira Njiru, ambaye alianza mwaka 2012 huko Ruiru kwa kuwalisha watoto 25. Majiko makubwa yamejengwa katika mitaa mbalimbali, na mtoto hulipa shilingi 5 kwa sahani, akagusisha bangili ya mkononi kwenye chombo nayo ikahesabu. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua kubwa ya siha ya shule iliyofanywa na jiji tangu uhuru, na wanaoibeza kwa sababu za kisiasa hawajawahi kumfundisha hesabu mtoto mwenye njaa saa sita mchana. Mpango ulianzishwa kwa ajili ya shule za umma. Moshi wa jiko huwafikia wote mtaani. Sahani husimama langoni.

Historia ya nchi nyingine hutuonyesha kwamba nyingi zilianza hivyo zikapanuka baadaye. Uingereza ilishtuka ilipoona vijana wengi wa miji yake wakikataliwa na madaktari wa jeshi wakati wa vita vya Makaburu, na kwa hofu hiyo, kuliko kwa huruma, bunge lake likaziruhusu halmashauri mwaka 1906 kuwalisha wanafunzi, na mwaka uliofuata likaamuru wapimwe na matabibu. Huko India jimbo la Tamil Nadu lilieneza chakula cha mchana mwaka 1982, na mwaka 2001 mahakama ya juu ya nchi ikayaamuru majimbo yote yafuate. Ni vyema kukumbuka kwamba hatua hizo hazikungoja umasikini wa nyumbani uondoke kwanza.

Ama kwa upande wa pili wa kuta, isidhaniwe kwamba utajiri ni siha tupu. Watafiti walioongozwa na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, katika uchunguzi wa kimataifa uliofanywa kwa nchi 12, waliwapima watoto wa Nairobi wenye umri wa miaka 9 hadi 11, wakakuta kwamba kiasi cha mtoto mmoja katika kila watano alikuwa na uzito uliopita kiasi, na kwamba uzito huo uliambatana na shule za binafsi na nyumba zenye uwezo. Mtoto hubebwa kwa gari kutoka Runda au Kileleshwa, akaketi katika msongamano wa asubuhi, akarudishwa kwa gari, na jioni ana mwalimu wa ziada na skrini. Anao uwanja na hana wakati. Mwenzake wa Kawangware ana mwendo wa miguu kila siku, na hana uwanja. Lau kama mizani ya siha ingelipimwa kwa harakati za mwili pekee, fukara angelikuwa mbele, na huenda huo ndio mfuko mmoja tu ambao umasikini umemwachia akiba, ingawa akiba hiyo huitumia kando ya barabara zisizo na njia ya waendao kwa miguu.

Uwanja nao una wanaoutamani. Tarehe 19 Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipousukuma ukaanguka, polisi waliwatupia mabomu ya machozi, na picha za watoto wenye sare wakifuta macho zikazunguka dunia. Serikali iliaibika na uwanja ukarudishwa. Katika mambo yote niliyoyataja, hili ndilo lililotatuliwa kwa haraka kuliko yote, nami naona sababu ni kwamba uwanja huonekana, na mwenye kuunyakua huonekana. Choo kisichojengwa hakina picha ya kuzunguka.

Katikati ya jiji hali ni ya aina nyingine. Shule kama Moi Avenue, au St. Peter Claver's iliyo Racecourse Road, zimezingirwa na biashara, vituo vya matatu na kelele zisizokoma. Watoto wake hutoka mbali, huamka kabla ya alfajiri, na hupata hewa yenye moshi wa dizeli kwanza ndani ya matatu na kisha dirishani mwa darasa. Kando ya Waiyaki Way ni vivyo hivyo, na barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands imewapunguzia safari wenye kulipa, ilhali chini yake magari yamebaki. Pumu na kikohozi cha watoto hawa ni maradhi ya mazingira kwa maana iliyo wazi kabisa, na hakuna somo la usafi litakaloyatibu.

Na hapa ndipo penye mfano ninaoutegemea kuliko mingine. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni Gigiri, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 waliosoma na kuishi karibu na jaa la Dandora, upande wa mashariki. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubaliwa wakati ule, na risasi hudumaza akili ya mtoto bila ya kumwumiza popote. Jaa lile lingali pale. Lakini risasi ilikuwa pia katika petroli ya kila gari lililopita Moi Avenue na Ngong Road, na hiyo iliondolewa: kufikia mwanzo wa mwaka 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwamo, zilikuwa zimekubaliana kuacha kuitumia, zikaacha. Hakuna mtoto aliyeulizwa kama shule yake imesajiliwa. Yule wa Lavington na yule wa Ng'ando walipata hewa isiyo na sumu hiyo siku moja, na wengi wao, pamoja na wazazi wao, hawakujua kwamba wametendewa jambo.

Dawa za minyoo zinatoa funzo la karibu na hilo. Katika shule 75 za Busia, kuanzia mwaka 1998, Michael Kremer na Edward Miguel walizigawa kwa zamu, wakaona utoro umepungua kwa kiasi cha robo, na zaidi ya hayo wakaona nafuu hata kwa watoto wa shule jirani ambao hawakumeza kitu, kwa sababu udongo wa mtaa ulikuwa umepungukiwa na mayai ya minyoo. Kremer alipata tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kazi za namna hiyo. Basi ikiwa siha ya mtoto aliyeandikwa humfaa asiyeandikwa, maradhi ya asiyeandikwa pia hayasimami kwenye lango la aliyeandikwa, na kipindupindu kikizuka Kawangware, mpishi na yaya wa Lavington ni watu wa Kawangware.

Linganisha na bima. Mwaka 2018 serikali ilianzisha EduAfya, iliyowalipia matibabu wanafunzi wa shule za upili za umma kupitia mfuko wa NHIF. Ilikuwa neema kwa waliokuwamo, hasa wa mabweni, ingawa iliwaacha wa msingi wote na wa shule za binafsi zote, hata zile za mabanda. Na ilipofika mwisho wa mwaka 2023 ikakoma, na mzigo ukawarudia wazazi na wakuu wa shule. Kitu kilichojengwa juu ya daftari hufutika pamoja na bajeti yake. Wakati wa korona, kuanzia Machi 2020, madaftari yote yalifungwa kwa pamoja, na wale ambao mlo wao wa uhakika ulikuwa wa shule walikosa mlo huo. Baadhi ya shule ndogo za mitaani hazikufunguliwa tena.

Nimeulizwa na walimu kama haya yote maana yake ni kwamba serikali iache kushughulika na shule, ishughulike na mitaa. La, kwani mfereji wa maji utachukua miaka kufika Gatina, na mtoto wa darasa la nne ana mwaka mmoja tu wa kuwa darasa la nne. Yapo yanayoweza kufanywa kwa vyombo vilivyoko sasa. Bangili ya chakula huvaliwa na mtoto, haivaliwi na shule. Hakuna katika ufundi wake kinachomlazimu aliyeivaa awe wa shule ya umma. Jiko likiwa limekwisha jengwa mtaani, kumhudumia mtoto wa shule ya jirani ni suala la sufuria na la hesabu. Hesabu ndiyo itakayoleta ubishi, nami sidharau ubishi huo: wenye shule watazidisha majina ili wapate sahani nyingi, na kaunti itasema kwamba kulisha shule isiyosajiliwa ni kuihalalisha. La kwanza bangili yenyewe hulipunguza, maana hugusishwa na mkono ulio hai mbele ya mpishi. La pili ni zito zaidi, na litaamuliwa na watu wa sheria na wa mipango miji waliokaa City Hall, ambao tangu Ng'ando wanajua ni wapi shule hizo zilipo, maana wamezikagua.